Rota ya Ijumaa

Kwenye arobaini ya Hajji Rajabu, mwezi uliopita, walinipa kiti cha plastiki karibu na tanki la maji na sahani ya pilau, na kabla sijafikia nyama mtu akasema, "Athieno, hebu wasimulie watu ile ya rota." Nikasimulia. Nimeisimulia mara nyingi, harusini, matangani, kwenye foleni ya Malaba malori yakiwa yamesimama tangu jana, na najua kabisa mahali pa kunyamaza ili watu wacheke. Walicheka. Hata Swaleh, mtoto mkubwa wa Hajji, aliyevuka kutoka Busia ya Kenya na viatu vyeupe kama anakwenda kupigwa picha, alicheka mpaka akashika mbavu. Hajati, mama yake, alininyang'anya sahani akaenda kuniongeza nyama, maana mtu aliyechekesha wafiwa haachiwi wali mtupu. Lakini kuna wiki tatu ambazo nikisimulia huwa naziruka. Naziruka vizuri, hakuna anayegundua, kama dereva anayelijua shimo la barabara ya kwao. Siku ile niliporudi nyumbani nikafikiri, Hajji mwenyewe ameshaondoka, na nikiendelea kuruka, hilo shimo litabaki langu peke yangu.

Mwaka wa ile rota nilikuwa na miaka ishirini. Shule na mimi tuliachana darasa la saba, kwa amani, hakuna aliyemlilia mwenzake. Nilikuwa dereva wa Hajji kwa jina tu, maana usukani alipenda kuushika mwenyewe, na nilipata kazi kwa sababu dereva wake alikwenda Juba kutafuta maisha, na mimi nilikuwa nimesimama karibu. Gari ilikuwa pikapu ya zamani sana, upande wetu wa Uganda tunaita kabangali. Ilizaliwa kabla yangu na kabla ya Swaleh. Rangi yake ilikuwa ya chai yenye maziwa mengi, gia zilikuwa kwenye usukani, na taa zake mbili za duara ziliipa sura ya mtu aliyeulizwa swali asilolijua. Mlango wa abiria ulifungwa kwa mpira wa tyubu. Tulichukua mihogo na karanga Paya, kwetu, tukaleta Busia, tukarudi na chumvi, sabuni na mabati. Tukivuka kwenda ng'ambo kutafuta plagi, askari wa forodha alikuwa anauliza, "Hiyo makumbusho nakwenda wapi leo?" Mimi namjibu, "Nakwenda kumtembelea babu yako."

Kila asubuhi kabla ya chai kulikuwa na ibada ya pili baada ya ile ya Hajji. Maji kwenye rejeta, oili kwenye kijiti, mafuta ya breki, grisi kwenye viungo, vichwa vya betri kusuguliwa na maji ya moto na mswaki. Mswaki ulikuwa wa Hajati wa zamani, na Hajati kila akiuona alisema, "Hiyo betri ina meno mazuri kuliko mimi." Hajji alisimama pembeni na kofia yake ya kushona, mikono nyuma, akisema neno lilelile: "Gari haiharibiki barabarani. Inaharibikia nyumbani. Barabarani inakuambia tu." Sebuleni kwake kulikuwa na kabati la vioo. Watu wengine kwenye kabati kama hilo wanaweka vikombe vya wageni. Hajji aliweka kabureta tatu, koili, platini kwenye kibati cha peremende, bolti zimepangwa kwa urefu kama watoto wa shule, na vikombe vya wageni vilikaa chini ya kitanda. Kitu cha gari hakikutupwa nyumba ile, hata kikiwa kimekufa. "Mfu anafundisha," alisema.

Nje ya geti kulikuwa na benchi, kiti cha nyuma cha lori lililoanguka zamani, na hapo ndipo mafundi wa Busia walileta injini zisikilizwe. Sisemi zitengenezwe, nasema zisikilizwe. Fundi anakuja na gari ya mtu iliyomshinda, anafungua boneti, Hajji anainamisha kichwa kidogo, anasema, "Valvu ya tatu," au, "Hiyo si injini, hiyo ni mkanda," na fundi anaondoka bila kubisha. Wabwire ndiye aliyekuja zaidi. Alikuwa Msamia mwenye mdomo kama wangu, kwa hiyo tulipendana kwa kutukanana. Hajji alikuwa amefika Mombasa na Kisumu mpaka Kigali, Kiswahili chake kimepigwa pasi, lakini sifa yake haikuwa safari. Sifa yake ilikuwa kwamba hajawahi kukosea injini. Hilo ndilo lilikuwa jina lake mjini, zaidi ya Rajabu.

Siku moja ya soko, mchana kweupe, Hajji akiendesha na mimi nimekaa kushoto, tulikuwa tunakuja mjini kwa barabara iliyonyooka. Mbele yetu mtu wa baiskeli, madumu manne nyuma, katikati ya njia, anakwenda taratibu kama bwana harusi. Hajji hakupunguza mwendo. Nikafikiri anamtania. Tukamkaribia, nikafikiri anamtania sana. Halafu nikaukamata usukani nikauvuta, madumu yakagonga mlango wangu ule wa tyubu, na yule mtu akatutukana kwa Kisamia mpaka ukoo wa tatu. Hajji akasimamisha gari mbele kidogo. "Huyo alitokea wapi?" akauliza. Nikamwambia, "Hajji, alikuwa mbele yetu tangu kanisani." Nikamuuliza kama anauona Mwamba wa Tororo kule mbali. "Naona, kwani mimi kipofu?" Mvua ilikuwa imekaa upande wa Tororo tangu asubuhi, mwamba wote umefunikwa. Mimi mwenyewe sikuuona.

Akazima injini. Akaniambia macho yalianza kumfifia tangu mwaka uliopita, kwamba watu ni vivuli na barabara ni maziwa. Akaniambia Swaleh akijua atachukua ufunguo siku hiyohiyo. "Macho yangu ni siri yako," akasema, akaniapisha. Niliapa kwa Mungu wake na kwa Mungu wangu, nikijua ni yuleyule, ili kiapo kisipate mlango wa kutorokea. Tangu siku hiyo akanipa usukani kwa kisingizio. "Leo nakufundisha gia," anatangaza mbele ya benchi, na mimi nafundishwa gia ninazozijua, mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka Wabwire akasema hajawahi kuona mwanafunzi mjinga namna hiyo.

Shida ilibaki Ijumaa. Kwa miaka mingi Hajji aliendesha mwenyewe mpaka Tororo, akaswali Ijumaa, akala na rafiki zake wazee watatu aliokuwa nao tangu ujana. Nikamwambia nitampeleka. Alikataa kama nimemtukana. "Nishuke mbele ya wale watu nimeletwa na binti? Watasema Rajabu sasa ni mzigo." Na barabara ya kwenda Tororo, ukishafika Busitema, ni ya matrela. Yanatoka Malaba yamebeba makontena, dereva amelala foleni siku mbili na sasa anataka kumalizia hasira yake barabarani. Ijumaa mbili za kwanza nilikaa kwenye chumba changu, cha nyuma kando ya banda la mkaa, nikihesabu saa mpaka niisikie kabangali inarudi. Kusema sikuweza, nimeapa. Kunyamaza sikuweza, nimeona baiskeli.

Ndipo rota ikanikumbuka. Rota ni kipande cha plastiki cha kadiri ya kidole gumba, kinazunguka chini ya kofia yenye nyaya za plagi, kinagawa moto kwa kila plagi kama mama anavyogawa ugali. Ikipasuka, moto unavuja njiani na plagi zinalala njaa, gari haiwaki hata ukiiimbia. Miezi kadhaa nyuma, rota yetu ilikuwa imepasuka tukiwa Paya. Ufa wenyewe uko chini, mwembamba kama unywele wa mtoto, umejaa masizi. Niliuona kwa sababu nilikuwa na jua na macho ya miaka ishirini. Nilifunga nyingine, na ile mbovu ikaenda kwenye kabati kufundisha. Sasa nikaitoa. Alhamisi jioni natoa nzima, naweka mbovu. Jumamosi asubuhi natoa mbovu, naweka nzima. Kazi ya dakika mbili, na kwa kidole huwezi kuzitofautisha.

Ijumaa ya kwanza ya mchezo huo Hajji akatoka na kanzu, ananukia udi, akapiga ufunguo. Gari ikakohoa tu. Nikaitwa. Tukafungua boneti na yeye akaniongoza kwa maneno, kwa sababu yeye alikuwa mikono na masikio na mimi nilikuwa macho. Tukasafisha plagi. Saa sita ikapita, akaswali hapohapo Busia. Jumamosi gari ikawaka kwa mguso mmoja. "Zilikuwa plagi," akasema, ameridhika. Ijumaa iliyofuata ikagoma. Tukabadilisha platini. Jumamosi ikawaka. "Zilikuwa platini." Hivyo hivyo kondensa, koili, kabureta kuoshwa na petroli mpaka ikang'aa, waya wa arthi, pampu ya mafuta, betri. Nataka mnielewe: hakukuwa na gari iliyotunzwa Busia nzima kama ile. Ilikwenda kimya kama paka. Ilipanda mlima na tani ya mihogo bila kupumua. Ila Ijumaa. Wabwire akasema, "Hajji, kabangali yako imesilimu. Ijumaa inapumzika." Benchi zima likacheka, Hajji pia akacheka, na mimi nikacheka zaidi ya wote, kazi yangu ilikuwa hiyo.

Hapa ndipo, nikisimulia, huwa naongeza mwendo. Ijumaa moja, mwezi wa tatu wa mchezo wangu, Hajji hakugusa kitu. Alisimama mbele ya boneti, akaniambia nipige stata, acha, piga, acha. Akanifanya nishike waya wa koili karibu na chuma aisikie cheche inavyolia. Halafu waya wa plagi. Kimya. Akavua kofia. "Moto unatoka nyumbani, haufiki kwa majirani," akasema. "Ni rota. Naapa ni rota. Itoe, itazame." Wabwire alikuwepo na mafundi wengine wawili. Nikaitoa, nikasogea juani kama mtu anayefanya kazi, nikaigeuza. Ufa ulikuwa pale unanitazama. "Unaona nini?" Nikasema, "Nzima, Hajji." Akanyoosha mkono, nikampa. Akaipitishia kidole gumba juu, pembeni, akaipeleka mpaka kwenye mdomo akaigusa kwa ulimi. "Na chini?" Nikasema, "Chini pia nzima."

Hakuniamini, na alikuwa sawa, lakini alidhani rota ndiyo inayomdanganya. Akampigia Swaleh simu atafute mpya Kisumu. Jumanne ikaja kwenye karatasi yake. Nikaifunga mbele ya benchi, nikapiga ufunguo, ikawaka. Kwani ingeacha kuwaka? Hata ile ya jana yake, niliyoirudisha Jumamosi, ilikuwa nzima. Hajji akapiga makofi mara moja, akasema, "Nilisema ni rota," na Wabwire akamshika mkono kama mtu aliyefunga goli. Hajati akaleta chapati na chai ya tangawizi, tukala tumesimama. Nilikuwa na siku mbili za kufikiri. Nilifikiri juu ya matrela ya Busitema. Sikufikiri juu ya kitu kingine, na hilo ndilo ningemwambia leo yule msichana niliyekuwa, kama angenisikiliza, ingawa namjua, asingenisikiliza. Alhamisi jioni nikaweka mbovu.

Ijumaa hakuniita. Nilisikia stata mara tatu, halafu mlango ukafungwa taratibu. Nilipotoka alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake na kanzu yake nyeupe, mikono juu ya magoti, viganja juu. "Basi si gari," akasema. "Ni mimi." Nikamtania kitu, sikumbuki nini.

Wiki hizo tatu ndizo ninazoziruka. Mtu alileta lori kutoka Malaba, injini inagonga, hata mimi nilijua ni nini. Hajji akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu, akasema, "Sijui. Mpelekee kijana." Wabwire akatazama chini. Kesho yake mtu mwingine alikuja, Hajji hakutoka. Akaanza kumuuliza Hajati kama yeye mwenyewe Hajji ameshaswali adhuhuri, wakati mswala bado uko chini mbele yake. Asubuhi hakuja tena kusimama pembeni nikipima oili. Mezani aliletewa mukene, wale dagaa wetu ambao ng'ambo wanawaita omena, akawaonja akauliza, "Hii mmeweka karanga au nakosea?" Karanga zilikuwemo. Mtu aliyejua karanga tangu azaliwe alikuwa anaomba ruhusa ya kuzijua. Siku moja nikakuta kabati la vioo halina kitu, vyote vimetiwa kwenye gunia la mihogo, na Hajati anapanga vikombe.

Jumapili Swaleh akaja. Nilikuwa jikoni, pazia tu katikati, nikamsikia anamwambia mama yake, "Mama, kichwa cha mzee kimeanza kwenda. Amebadilisha gari nzima na hajui shida ni nini. Nitamchukua akae kwangu. Hii kabangali tumpe mtu wa vyuma chakavu." Hajati akasema, "Baba yako hajawahi kukosea injini." Swaleh akasema, kwa upole kabisa, si mtu mbaya Swaleh, "Sasa amekosea, Mama." Dirisha lilikuwa wazi. Hajji alikuwa amekaa barazani chini ya dirisha lilelile, na mimi kutoka jikoni nilimwona. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, polepole, kama anavyoitikia fundi mwenzake akiutaja ugonjwa wa injini sawasawa.

Jumatatu Swaleh alibaki kutafuta mnunuzi, na sisi tukaenda Paya safari moja zaidi. Shangazi yangu akatupa ugali wa wimbi na kunde zenye simsim, ule ufuta, Hajji akala matonge matatu akashukuru. Kurudi, nilipofika Busitema nikaegesha pembeni, kwenye kivuli cha msitu. Matrela yalikuwa yanapita, gari yetu inatikisika kila moja likipita. Nikamwekea rota mbili kwenye viganja. Nikamwambia, "Ya kulia nzima. Ya kushoto imepasuka."

Akazipapasa. "Zinafanana."

"Ufa uko chini. Ni wa kuonekana kwa macho tu. Mimi nilikuwa naiweka Alhamisi."

Likapita trela moja, likapita la pili. "Alhamisi ngapi?"

"Kumi na sita."

"Nilipokuambia ni rota?"

"Ilikuwa rota, Hajji."

"Ukaishika mkononi, ukaiona, ukaniambia nzima."

"Ndiyo." Nikaanza kueleza, matrela, baiskeli, kiapo chake mwenyewe kilichonifunga mdomo. Alininyanyulia kidole ninyamaze. Nilingojea kofi, na ningelipokea. Hakupiga. Alisema tu, "Ungenificha barabara, ningekusamehe hapa hapa. Wewe ulinificha mimi." Halafu akasema, "Washa."

Mpaka leo sijutii Ijumaa kumi na sita. Wapo watu wa baiskeli wanaotembea Busia hawajui kwamba nawadai salamu. Najutia neno moja, "nzima," nililolisema juani mbele ya mafundi watatu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nikawasha, tukafika nyumbani. Benchi lilikuwa na Wabwire na wale wawili, na Swaleh amesimama getini anaongea na simu. Hajji akashuka mwenyewe, akapapasa bodi ya gari mpaka mbele, akasimama. Akasema, "Athieno, waambie."

"Niwaambie nini, Hajji?"

"Yote."

Nikamsogelea, nikasema chini chini, "Hajji, yote yana macho ndani yake."

"Najua yana nini. Waambie."

Nikawaambia. Nilianza kama mzaha kwa sababu sina namna nyingine ya kuanza jambo, nikaweka paka na makofi na gari iliyosilimu, na hakuna aliyecheka, hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yangu nimeisimulia hadithi ile watu wakanyamaza. Nilipofika kwenye mwamba uliofunikwa na mvua Swaleh akakata simu. "Baba," akasema, "kwani huoni?"

"Sioni. Ufunguo nitakupa, ngoja zamu yako." Akageukia upande ambao sauti ya Wabwire huwa inatoka. "Wabwire."

"Naam, Hajji."

"Siku ile nilisema ni nini?"

"Ulisema rota."

"Ulinisikia wewe mwenyewe, au umeambiwa?"

"Nilikusikia mimi, na hawa wawili walisikia."

"Na ilikuwa nini?"

Wabwire akanitazama mimi kwanza, jicho ambalo alinitazama nalo mwaka mzima uliofuata, akasema, "Ilikuwa rota, Hajji."

Hajji akaingiza mkono kwenye kanzu, akatoa ufunguo, akaunyoosha mbele mpaka Swaleh akaja kuuchukua. Halafu akalitafuta benchi kwa mguu, akakaa katikati, wenzake wakasogea kumpa nafasi. Pikipiki ikapita barabarani ikiwa na abiria wawili na kuku. Hajji akainamisha kichwa kidogo.

"Huyo mnyororo wake umelegea," akasema. "Mwambieni kabla hajafika mbali."

Wabwire akainuka akakimbia kumsimamisha.